Samaki wa Saa Kumi

Samaki mmoja alinigharimu miezi minne, makopo matatu ya rangi nyeupe na kilo sita za mwili wangu mwenyewe. Nimehesabu mara mbili. Hizo kilo nilizipima kwenye mzani wa posho mill, kinu cha unga, pale Nyalenda, viatu nimevua, kwa hiyo mtu asiniambie ni porojo. Na samaki mwenyewe sikumla, maana wakati huo nilikuwa sili samaki.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoshika brashi, na nyinyi mnaochora kwa kidole juu ya simu, nyote tu. Huwa nawasikia mkisema, "Mzee, leo haiji." Umekaa mbele ya kazi, mteja anangoja, na haiji. Mimi haikunijia miezi minne mfululizo, na nyumbani kulikuwa na watoto watatu ambao njaa ilikuwa inawajia vizuri sana. Basi nisikilizeni. Ushauri wangu ni wa bure leo, jambo ambalo wanaonijua watawaambia ni la ajabu.

Mimi nilikuwa mchoraji wa mabango na kuta hapa Kisumu. Kinyozi, duka la dawa, kanisa, nyumba ya kuku, vyote nimeviandikia jina. Nilitoka upande wa Mlima Kenya nikiwa kijana, nikaja mjini kumsaidia mjomba kuuza viazi, viazi vikanishinda. Kule kwetu samaki hawakuwa chakula. Samaki niliowajua ni wale wawili wa kwenye Biblia waliolisha watu elfu tano, na hata hao nilipiga hesabu mara mbili nikaona hawatoshi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ochola, mtu wa Sondu, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kutazama kazi yako mpaka wewe mwenyewe uone kosa. Nilimwita japuonj, yaani mwalimu, kama walivyomwita wenzake. Mwaka wangu wa kwanza alinituma Kombewa peke yangu nikaandike ukutani BUCHA YA UAMINIFU. Nikaanza kushoto kwa raha zangu, herufi nene, nzuri, zimeshiba kama mwenye bucha. Nilipofika mwisho ukuta ulikuwa umekwisha. Herufi mbili za mwisho nikazipeleka mlangoni.

Mwenye bucha akatoka na kisu mkononi. "Sasa fundi, nikifungua mlango hizi mbili zinaenda wapi?"

"Zinaingia ndani, Bwana."

"Kwa hiyo mteja akitaka kusoma jina lote, nifunge bucha?"

Nilirudi Kisumu, nikamweleza Mzee Ochola, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanifundisha kitu ambacho mpaka leo nawauzia nyinyi bila bei. Hesabu herufi zako, na kila nafasi tupu uihesabu kama herufi. Hesabu tena. Jina lile lina kumi na saba. Tafuta ya katikati, ambayo ni ya tisa, iweke katikati ya ukuta, halafu andika ukienda kulia na kushoto. Ukuta hautakwisha tena maishani mwako. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuhesabu mara mbili, na ugonjwa huo ukahamia kwenye mambo mengine yote, hasa bei.

Hapo ndipo anaingia Mama Awuor.

Mama Awuor alikuwa na hoteli kando ya ziwa, njia ya kwenda Dunga: mabenchi sita, masufuria makubwa, na ukuta mmoja mrefu wa simenti unaotazama barabara. Alitaka nimchoree ngege mmoja, yule samaki mpana wa ziwani, mrefu kuliko mtu, ambaye anayetoka mjini atamwona kabla hajaona hoteli ya jirani. Nilipima ukuta kwa hatua, nikapata nane, nikarudi nikapata nane.

"Fundi," akaniuliza, "wewe si ndiye yule mtu wa mlimani asiyekula samaki?"

"Ndiye, Mama."

"Sasa utanichoreaje kitu usichokila?"

"Mama, Kombewa nimewachorea simba kwenye ukuta wa shule. Sijawahi kumla."

Akacheka, tukapatana. Ile shule simba wake alikuwa anafanana na mbwa mwenye mafua, lakini hilo sikumwambia.

Sasa sikieni kosa. Nilihitaji samaki wa kutazama nikichora. Asubuhi nikaenda kwa wauzaji, wakanitajia bei, nikaona huo ni wizi wa mchana. Nikarudi saa kumi jioni. Mtu yeyote wa Kisumu anajua kwa nini saa kumi bei ya samaki huanguka. Mimi nilidhani ni kwa sababu nimejua kubembeleza. Mama aliyeniuzia hata hakubishana, alinifungia kwenye gazeti haraka, akaniombea safari njema. Nikarudi nyumbani Nyalenda nikipiga mluzi. Nikamweka kwenye beseni, nikaweka bati juu na mawe mawili kwa ajili ya paka wa jirani, na kesho yake nikambeba kwenda ukutani.

Nilimchora siku mbili. Nawaambia ukweli, hiyo ni mojawapo ya kazi safi kabisa nilizowahi kufanya. Kila nilichokiona nilikiweka. Jicho lilikuwa na utando mweupe kama maziwa, nikaweka utando. Matamvua, yale mapazia ya kupumulia chini ya shavu, yalikuwa na rangi ya chai, nikachanganya rangi ya chai. Tumbo lilikuwa limelegea, nikalilegeza. Nikarudi nyuma hatua kumi, nikajipongeza.

Asubuhi ya tatu wakapita kina mama wanaotoka ziwani na mabeseni kichwani. Wa kwanza akasimama. Akatua beseni. Akatazama ukuta kwa huzuni.

"Mama Awuor! Huyu alikufa lini?"

"Jumanne," akasema wa pili.

"Jumanne gani? Tazama jicho. Huyu ni Jumatatu."

"Jumatatu jioni, basi."

"Jumatatu asubuhi, na alilala juani."

Wakabishana hivyo kama watu wanaopatana bei, mpaka wakakubaliana kwamba marehemu aliaga Jumatatu adhuhuri. Vijana wa boda wakasimamisha pikipiki kusikiliza hukumu. Mmoja akavua helmeti, akaishika kifuani, akainamisha kichwa. Kufikia mchana watu walikuwa wakifika pale, wakitazama ukuta, wakiendelea na safari hadi kwa jirani. Mama Awuor alibaki na sufuria mbili zimejaa.

Hakunipigia kelele. Ingekuwa heri. Alisema tu, "Fundi, umenichorea ugonjwa," kisha akaniagiza nimfute. Kopo la kwanza la rangi nyeupe ni mimi niliyenunua. Rangi ilipokauka, jicho likaonekana tena. Kopo la pili, jicho likachungulia kwa mbali. La tatu ndilo lililomzika.

Nikakusanya brashi zangu niondoke. Nikamwambia namjua fundi mwingine mzuri, mtu wa Kibuye.

"Sitaki fundi mwingine," akasema. "Huu ukuta unakungoja wewe. Ukipona, njoo. Lakini usikawie, Gitahi. Watu wakipita hapa wanaona hoteli isiyo na uso."

Jamani, afadhali angenifukuza. Mtu akikufukuza unamkasirikia, unalala. Mtu akikungoja, unalalaje?

Ndipo mkono wangu ulipogoma. Nikipanda ngazi kuandika neno dogo tu, DUKA, naandika D, halafu nasikia sauti nyuma yangu: hii D ilikufa lini? Nafuta. Naandika tena. Nahesabu herufi mara nne, mara tano, za neno la herufi nne. Kuna kibao kimoja cha kinyozi nilikipiga msasa kwa siku nne nikisema nakiandaa, mpaka mwenyewe akaja kukichukua kabla hakijaisha. Nilipanga brashi kwa urefu, kisha kwa unene, kisha kwa umri. Nilizifua kila jioni kwa mafuta ya taa ingawa zilikuwa hazijagusa rangi. Mke wangu akaniuliza kama ninapanga kuzioa.

Wateja niliwaambia nina kazi nyingi. Wakati huohuo nilikuwa nazunguka mbali kwenda mjini ili nisipite barabara ile ya ziwani. Nikipita kwa bahati mbaya, ule ukuta mweupe unanitazama. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hoteli ya Mama Awuor ikabaki na mabenchi manne, mawili aliyauza. Hiyo nayo niliihesabu mara mbili, nikiwa nimesimama nyuma ya kibanda cha mahindi kama mwizi.

Mwezi wa nne akaja Mzee Ochola kutoka Sondu. Alikuwa ameshastaafu. Mkononi nanasi, kwapani kipande cha bati kilichonyooshwa.

"Nasikia umeacha kazi," akasema.

"Sijaacha, japuonj. Napumzika."

"Mtu aliyepumzika hupungua hivyo?" Akaweka bati kwenye meza. "Nichoree samaki aliyeoza."

Nilidhani amekuja kunidhihaki kama wengine. "Mzee, huyo nilishamchora. Mji mzima ulimwona."

"Yule alikuwa wa jana. Mimi nataka wa wiki nzima. Nataka nikimtazama nizibe pua."

Nikashika brashi kwa hasira tu, nimridhishe aende. Nikampiga samaki yule tope, nikambomoa jicho, nikamng'oa magamba. Mzee akatazama, ananyonya nanasi.

"Huyu hajaoza. Anaumwa kichwa tu."

Nikachora mwingine pembeni.

"Huyu ana njaa."

Wa tatu. Wa nne. Kufikia wa tano nilikuwa nacheka. Nilikuwa sijagundua kwamba nimeshachora samaki watano, mimi niliyeshindwa na D. Maana ukitaka kumwozesha samaki vizuri lazima ujue kitu gani huenda kwanza. Jicho huzama. Utando huja. Matamvua hupoteza wekundu. Tumbo hulegea, magamba huachana na ngozi. Nikafika wa saba, nikamwonyesha.

Mzee Ochola akaziba pua. Sijawahi kupewa sifa tamu kama ile.

Kisha akaniuliza, "Yule wa ukutani, ulimnunua saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Asubuhi?"

Nikainama kufuta brashi.

Alicheka kama ile siku ya Kombewa. "Bahili wewe! Miezi minne unaadhibu mkono, na mkono haukukosa kitu. Ulichora ulichokiona, tena ukakichora sawasawa mpaka kina mama wakajua siku ya kifo. Nani mwingine hapa mjini anaweza hiyo? Macho yako ndiyo yaliyokwenda sokoni saa kumi. Kesho yapeleke saa kumi na mbili asubuhi, na ulipe bei wanayotaja."

Vijana, hayo maneno yaliniingia. Nilikuwa nimeamini kipawa kimekwisha, au kwamba hakikuwahi kuwapo. Kumbe nilikuwa nimetazama kitu kibaya kwa bidii nzuri. Siku ambayo kazi haiji, kabla hujajitukana, jiulize mara ya mwisho ulitazama nini, na ulikitazama saa ngapi.

Asubuhi yake nilimkuta Mama Awuor ufukweni Dunga, mitumbwi inashusha. Aliniona, akageuka kama mtu ambaye alikuwa akinitegemea jana.

"Umepona?"

"Nimekuja kutazama, Mama."

"Hapa hatutazami kwa macho peke yake." Akamchukua ngege mmoja, akamfunua shavu kwa kidole. Ndani mwekundu, wekundu wa nyanya iliyopasuliwa sasa hivi. Akambonyeza tumbo kwa kidole gumba, nyama ikarudi juu palepale. "Akikurudishia kidole, nunua. Akikibakisha, mwache." Jicho lilikuwa limesimama nje kama kifungo cha koti, jeusi tititi, lina duara la dhahabu, na juu yake punje ya mwanga.

Nililipa bei niliyotajiwa. Nilijaribu kufunga mdomo, nikashindwa, nikaomba wanipunguzie kidogo, wakakataa, nikajisikia vizuri.

Hotelini nikamhesabu. Miiba ya mgongoni ni kumi na saba, nikarudia, kumi na saba, kama bucha ya Kombewa. Magamba ya ubavuni, mstari mmoja, nilipata thelathini na mbili, mara ya pili thelathini na moja. Moja nilikuwa nimekwenda nalo kwenye kidole.

Mama Awuor akasimama mlangoni na kisu. "Nimewapara hawa tangu nikiwa msichana, sijawahi kuwahesabu."

"Ndiyo maana wewe ni tajiri, Mama."

"Tajiri wa mabenchi manne! Kaa chini."

Akampika. Mchuzi wa nyanya, ugali wa moto, akaniwekea kichwa. Kikanitazama. Nilitafuta mkate kwa macho.

"Kichwa nampa mtu ninayemtegemea," akasema. "Kula. Na jicho usiliache."

Nikala shavu kwanza. Kisha nikafumba macho yangu, nikala lake. Katikati mna kijiwe kidogo, cheupe, kigumu, kinazunguka mdomoni kama ushanga. Nikakitema mkononi, nikakitazama.

"Sasa mmeonana," akasema Mama Awuor, akarudi jikoni. Nikamaliza kichwa chote. Nikaomba kingine.

Nilichora siku tatu. Nilianza na mkia, nasema kweli, kwa sababu jicho nililiogopa. Hakuna aibu kuanza na mkia. Mkia ukishakuwa mzuri, tumbo linakuonea wivu, na tumbo likishakuwa zuri huwezi tena kukimbia. Jicho likabaki la mwisho, na ndani ya jicho likabaki tone moja jeupe, kubwa kama punje ya dengu. Tone hilo liweke upande jua linakotokea. Ukuta ule hupigwa na jua la asubuhi kutoka kushoto, kwa hiyo juu, kushoto kidogo. Ukiliweka katikati, samaki anashangaa. Ukiliweka chini, analia.

Nilisimama na brashi. Nikaegemeza kifundo kwenye fimbo yangu ya kutulizia mkono, nikavuta pumzi, nikaishikilia, nikagusa ukuta. Mara moja tu. Hicho ndicho kitu pekee maishani mwangu ambacho sikukirudia papo hapo.

Nyuma yangu nikasikia beseni likituliwa. Alikuwa yule mama wa kwanza, yule wa "alikufa lini". Alitazama. Akasogea karibu na ukuta, akanyoosha mkono, na kwa mazoea ya miaka yote akambonyeza samaki tumbo kwa kidole gumba.

Rangi ilikuwa mbichi. Alama ya kidole ikabaki.

Akautazama mkono wake, akanitazama mimi, akapasuka kicheko, akaita kwa sauti ya kuvuka ziwa, "Mama Awuor! Huyu ni pesa ngapi?"

"Hauzwi!" Mama Awuor akajibu kutoka jikoni. "Ni wa leo!"

Mchana ule mabenchi hayakutosha, watu wakakalia ndoo. Ile alama ya kidole nimekataa kuifuta mpaka leo. Nikipaka rangi upya, naizunguka.

Malipo tulipatana siku ileile, na hapo nilikutana na mtu anayenizidi. Mama Awuor alisema pesa ya kazi atanipa, akanipa. Lakini juu yake aliongeza sharti: kila Ijumaa nitakula kichwa bure, muda wote ambao samaki wa ukutani ataonekana wa leo. Siku akilala, kichwa kinasimama. Niliona nimempata. Kumbe amenifunga kumtunza samaki wake kwa maisha yangu yote. Kila baada ya mvua ndefu napeleka fimbo yangu na kikopo, nalifufua jicho.

Sasa nimestaafu. Mabango siku hizi yanatoka kwenye mashine, yananukia plastiki, na mimi sinung'uniki. Mashine haipandi ngazi na haiombi chai. Ila niliona hoteli moja mjini imetundika samaki waliyemtoa kwenye simu, ana meno, wa bahari isiyojulikana. Kina mama wa mabeseni walipita pale wakafanya ishara ya msalaba kifuani. Nyinyi mnaotumia mashine hizo, nendeni Dunga saa kumi na mbili asubuhi, mrudishiwe kidole kwanza.

Nimefika kwenye shida yangu, ambayo ndiyo hasa imenifanya niandike. Ijumaa iliyopita nilikaa kwenye benchi langu, na Mama Awuor akaniletea mkia.

"Mama, umekosea sahani."

"Sikukosea. Nenda kamwangalie mwenzako."

Nikatoka nje. Tone limegeuka manjano. Samaki hajafa, lakini anasinzia. Kwa macho yangu ni kama saa saba mchana, inaelekea saa kumi. Nimeshalirudia tone hilo mara mbili mwaka huu kwa nyeupe niliyoizoea, na mara mbili jua limeligeuza. Rangi ya siku hizi siyo ile ya zamani, na muuza rangi ananiambia zote ni nzuri, jibu ambalo nami nililitumia miaka mingi kwa wateja wangu. Mkono unatetemeka, ndiyo, kwa uzee, lakini huo niachieni mimi na fimbo yangu.

Nyinyi mnajua vitu vipya. Niambieni basi: ni nyeupe gani mnayotumia nje, isiyogeuka manjano juani? Inazimuliwa na nini, na inapakwa mara ngapi? Nitahesabu mwenyewe. Atakayenipa jibu kabla ya Ijumaa aje kwa Mama Awuor, benchi la karibu na mlango. Kichwa kikirudi tutagawana, shavu moja lake na shavu moja langu. Jicho sigawi.